Bei ya New York ndani ya telefone: ni mizani, si unabii



Mwezi wa Oktoba 2025 tulihudhuria mkutano mkuu wa koperative moja ya kahawa tunayoipitia kwa kazi yetu. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri mpaka kijana mmoja akasimama na telefone mkononi. Alionyesha watu grafiki yenye mstari wa kupanda kama mlima, na mwisho wa mstari kulikuwa namba 412. Akauliza: "Kama kule New York kahawa iko 412, juu ya nini sisi mlitulipa senti 85 kwa kilo? Ile ingine nani aliikula?"

Watu wakapiga kelele. Prezida akamwangalia jera, jera akaangalia chini. Siku ile mkutano uliisha bila kupitisha ripoti ya makuta. Wiki zilizofuata, wanamemba kadhaa walianza kupeleka serize zao kwa wanunuzi wa njiani, wenye kulipa palepale bila kuuliza kama zimeiva ao hapana.

Sisi waagronomu tuliokuwa pale tunakubali kosa letu. Hata sisi hatukujibu sawasawa. Shuleni tulifundishwa kupogoa, kupima udongo na kupambana na magonjwa ya kahawa. Soko la New York halikuwa ndani ya daftari zetu. Ilibidi turudi, tuketi na jera, tufungue mikataba na tupige hesabu. Tulichokuta kilitufundisha kitu, na ndicho tunataka kusema hapa: grafiki ya bei ni kitu kizuri kwa koperative, kama inatumika kama mizani. Ikitumika kama unabii, inavunja koperative. Na ikifichwa, inaivunja vilevile.

Ile namba ni ya nini?

Kule New York kuko soko lenye jina ICE. Pale watu hawabebi magunia. Wanauza na kununua mikataba ya mbele, ni kusema ahadi ya kutoa ao kupokea kahawa mwezi fulani kwa bei iliyopatanwa leo. Mkataba mmoja wa arabika ni ratili 37,500, karibu tani 17. Wachomaji wa kahawa wako pale, wauzaji wakubwa wako pale, na hata watu wasiojua mti wa kahawa wako pale, wanatafuta faida tu. Bei wanayopatana ndiyo inachorwa kwenye grafiki, na ndiyo wanunuzi wa ngambo wanachukua kama msingi wa kupatana na sisi.

Leo mtu mwenye telefone anaweza kufungua TradingView, Barchart ao Investing.com na kuiona bila kulipa. Lakini mbele ya kusema neno lolote, aangalie vitu vinne.

Cha kwanza ni kipimo. Arabika ya New York inaandikwa kwa senti za dola kwa ratili moja. Ratili ni kipimo cha Wamarekani, karibu gramu 454. Haiko kilo. Kwa hiyo 412 ni dola 4 na senti 12 kwa ratili. Robusta inauzwa London, na bei yake ni dola kwa tani. Kakao iko na masoko mawili: New York kwa dola kwa tani, London kwa pauni za Uingereza kwa tani. Tumeona watu wakigombana juu ya bei ya kakao, kumbe mmoja alifungua ya New York na mwingine ya London.

Cha pili ni aina ya kahawa. Bei hii ni ya kahawa ya kijani, iliyokobolewa, tayari ndani ya gunia. Haiko bei ya serize, wala ya parshe.

Cha tatu ni mwezi. Arabika ya New York iko na miezi mitano: Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba. Kila mwezi una bei yake. Mara nyingi telefone inaonyesha mwezi ulio karibu, lakini mzigo wetu unaweza kupakiwa melini miezi mitano baadaye. Tuangalie mwezi wa mzigo wetu, maana bei yake inaweza kuwa chini sana ya ile ya mwezi wa karibu. Tena, grafiki inapotoka mwezi mmoja na kuingia mwingine, mstari unaweza kuruka kwa siku moja. Soko halikushtuka, ni mkataba tu umebadilika.

Cha ine ni muda. Grafiki inaweza kuonyesha dakika, siku, wiki ao mwezi. Ile ya dakika, yenye vijiti vyekundu na vya kijani vya kurukaruka, ni ya watu wa kule wenye kununua asubuhi na kuuza saa sita. Mkulima achague wiki, achague mstari wa kawaida, na arudi nyuma miaka miwili ao mitatu. Grafiki za bure zinachelewa dakika kumi ao zaidi. Kwa mtu mwenye kungoja mvua na mavuno, dakika kumi si kitu.

Kutoka New York mpaka kwenye kikapu

Sasa turudi kwenye ile koperative. Hesabu tuliyopiga na jera iko hivi, na kila mwanamemba anaweza kuirudilia kwa telefone ya kawaida.

Ili kutoka senti kwa ratili na kufika dola kwa kilo, zidisha kwa 22, halafu gawanya kwa 1,000. Namba 412 mara 22 ni 9,064. Ukigawanya, ni dola 9.06 kwa kilo ya kahawa ya kijani.

Lakini ile koperative haikuuza kwa 412. Ilifunga bei mwezi wa Julai, wakati New York ilikuwa karibu senti 300. Mnunuzi alikubali nyongeza ya senti 20 juu ya soko, sababu kahawa yao ni safi. Kwa hiyo waliuza kwa 320. Mara 22 ni 7,040, ni kusema dola 7.04 kwa kilo.

Ndani ya zile dola 7.04 kulitoka kazi ya kuosha na kuanika, magunia, kiwanda cha kukoboa, kodi na karatasi, lori mpaka mupaka wa Kasindi na kuendelea mpaka Mombasa, na faida ya mkopo wa kununulia serize. Kwao yote pamoja ilikuwa dola 1.80 kwa kilo ya kahawa ya kijani. Inabaki dola 5.24.

Kituo chao kinatumia kilo 6 za serize ili kupata kilo 1 ya kahawa ya kijani. Dola 5.24 ukigawanya kwa 6 ni karibu senti 87. Wanamemba walilipwa 85. Senti mbili zilienda kwenye akiba, na ziliandikwa ndani ya kitabu.

Basi hakuna aliyekula. Lakini hakuna aliyeeleza. Siku ya kufunga bei, watu watatu tu walijua. Namba 300 haikuandikwa ubaoni, tarehe haikuandikwa, gharama hazikusomwa mbele ya watu. Kijana akaleta namba ya Oktoba, kamati ilikuwa na namba ya Julai, na katikati ya zile namba mbili watu wakaweka neno "wizi". Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tunaongeza: hata yenye daftari, kama daftari iko imefungwa ndani ya sanduku, wanamemba wataona kama imeisha.

Grafiki haisemi ya kesho

Kuko wengine wenye kusema: "Sawa, tumeelewa. Sasa tuangalie grafiki, tujue siku bei itapanda, tungoje." Hapa tunasimama na kusema hapana.

Tuangalie huo mwaka wa 2025 peke yake. Mwezi wa Februari arabika ilipita senti 400, bei ambayo haijapata kuonekana pale New York. Mwezi wa Julai ilishuka chini ya 300. Mwezi wa Septemba ilikuwa tena juu ya 400. Kati ya Julai na Septemba, Marekani iliweka ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa nyingi za Brazil, kahawa ikiwa ndani, na Brazil ndiyo nchi yenye kutoa kahawa nyingi kupita zote duniani. Mwezi wa Novemba ushuru huo ukaondolewa kwa kahawa. Ni mstari gani wa grafiki ungetuambia hayo mbele? Vilevile mwezi wa Julai 2021, baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa ya Brazil, na ndani ya siku chache bei ikapita senti 200. Baridi haipigi hodi kwenye telefone.

Wenzetu wa kakao wanajua zaidi. Mwanzo wa 2023 tani ilikuwa karibu dola 2,600 kule New York. Desemba 2024 ilipita 12,000. Mwisho wa 2025 ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya ile. Mtu aliyeangalia grafiki Desemba 2024 aliona mlima wenye kupanda, akajiambia: "Nitangoja kidogo tena." Kakao iliyowekwa ghalani inapata unyevu, inashikwa na ukungu, na deni la shule ya watoto halingoji. Grafiki inaonyesha njia tuliyopita. Mbele yake ni ukurasa mweupe.

Hatari ni kubwa zaidi kwa koperative kuliko kwa mtu mmoja. Koperative inayonunua serize kwa bei ya leo na kungoja miezi mitatu mbele ya kufunga bei, inacheza kamari na makuta ya watu. Bei ikipanda, watu watashangilia kamati. Ikishuka kutoka 400 mpaka 300, kwa kilo ya kijani ni dola 2.20 zinapotea, na hakuna koperative tunayoijua yenye kubeba hasara ya namna hiyo kwa tani 19 za kontena moja. Ndiyo maana tunapenda njia ya kufunga kidogo kidogo: serize za tani tano zikiisha kununuliwa, bei ya tani tano ifungwe. Mnunuzi akikubali, kontena lifungwe mara tatu ao ine. Hatutapata bei ya juu kupita zote. Hatutapata vilevile ile ya chini kupita zote. Na wanamemba watalala usingizi.

Neno moja tena kuhusu telefone. Kuko watu wenye kutuma ujumbe kwa WhatsApp: "Leta dola 100, tutakufundisha kununua kahawa kwa grafiki, kila wiki utapata faida." Wajibiwe hapana. Mkataba wa kweli wa arabika ni tani 17. Haununuliwi kwa dola 100 kwa mtu asiyejulikana. Na makuta ya koperative yasiguswe hata senti moja kwa mchezo wa namna hiyo, hata kama mwenye kuleta wazo ni mwanakamati.

Kuficha nako si dawa

Tuko na wenzetu, wengine ni waagronomu kama sisi, wenye kusema: "Msiwaonyeshe wakulima hizi bei. Mtawachanganya. Kila siku wataleta maneno." Tunaelewa woga wao, tuliuona ule mkutano. Lakini hatukubaliani nao.

Kwanza, bei iko tayari ndani ya mifuko ya watu. Kijana hakungoja ruhusa ya mtu. Swali ni moja tu: atasoma ile namba na kuielewa, ao atasoma na kukosea? Pili, mnunuzi wa njiani anaijua bei ya New York kila asubuhi. Kama mkulima peke yake ndiye hajui, basi amefungwa macho, na mwenye kupima ndiye ameshika mizani. Tatu, kamati yenye kujua kwamba wanamemba wanaweza kupiga hesabu inakuwa na uangalifu. Hatusemi kamati ni wezi. Tunasema hata mtu mwema anafanya kazi vizuri zaidi akijua kuna jicho.

Kuko tena faida ingine ya kujua. Koperative zenye alama ya Fairtrade ziko na bei ya chini isiyoweza kuvunjwa: tangu Agosti 2023, arabika iliyooshwa ni dola 1.80 kwa ratili, pamoja na senti 20 za maendeleo ya jamii. Soko likiwa juu ya 180, mnunuzi analipa bei ya soko. Likiwa chini, analipa 180. Mwanamemba asiyejua kusoma 180 na 412 katika kipimo kimoja hawezi kujua ni siku gani alama ile inamlinda na siku gani haina kazi kwa upande wa bei.

Kile kilicho mkononi mwetu

Sisi ni watu wa shamba, kwa hiyo tumalize hesabu kwa upande wa shamba. Tuseme New York inapanda senti 10 kwa ratili. Watu wote kwenye telefone wanafurahi. Kwa kilo ya kijani ni senti 22. Gawanya kwa 6: kwa kilo ya serize ni karibu senti 4.

Sasa tuangalie kituo chenye kupokea serize za kijani na zile zilizokauka mtini, pamoja na nyekundu. Kinahitaji kilo 7, si 6, ili kupata kilo moja nzuri. Zile dola 5.24 ukigawanya kwa 7 ni senti 75. Kwa 6 zilikuwa senti 87. Tofauti ni senti 12, mara tatu ya ile furaha ya New York. Na hizo senti 12 hazitoki Brazil, hazitoki Marekani. Zinatoka kwenye vidole vya mwenye kuchuma na macho ya mwenye kupokea kwenye mizani. Hata ile nyongeza ya senti 20 juu ya soko, mnunuzi aliitoa sababu ya usafi wa kahawa. Kundi likiharibika, nyongeza inakuwa punguzo.

Kwa hiyo mwenye kuangalia grafiki mara kumi kwa siku na kuchuma serize za kijani, amepoteza mega zake bure.

Tunachopendekeza

Tunaomba kila koperative ifanye mambo matano msimu huu.

Moja: mkutano uchague watu wawili, mmoja wa kamati na mmoja asiye wa kamati, na bora mmoja awe mwanamke. Kila Ijumaa wafungue grafiki ya wiki kwa telefone moja, wapige picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Rezo na mega za mtu mmoja zinatosha.

Mbili: kwenye kituo kuwe ubao. Kila wiki uandikwe mistari mine: bei ya New York kwa mwezi wa mzigo wetu, bei hiyo kwa dola kwa kilo, gharama zetu kwa kilo, na bei tunayoweza kulipa kwa serize. Asiyejua kusoma asomewe.

Tatu: siku ya kufunga bei, tarehe, namba na tani ziandikwe ubaoni siku ileile, na majina ya waliokubali.

Ine: mbele ya mavuno, kituo kipime chenyewe ni kilo ngapi za serize zinatoa kilo moja ya kijani. Wasichukue namba yetu ya 6 bila kupima, maana mlima na mlima si sawa.

Tano: mtu yeyote asitangaze kwa jina la koperative kwamba bei "itapanda" ao "itashuka". Aseme tu ilivyo leo na ilivyokuwa.

Ile koperative ya Oktoba ilianza hivyo. Mkutano wa pili ulirudilia hesabu yote ubaoni, mstari kwa mstari, na ripoti ikapita. Wengine waliokuwa wameenda kwa wanunuzi wa njiani wamerudi, wengine bado. Yule kijana wa telefone ndiye alichaguliwa kuandika ubao kila Ijumaa. Mara mbili amekosea hesabu, na mara zote mbili ni mama mmoja mwenye kuanika kahawa aliyemsahihisha mbele ya watu. Kijana alifuta, akaandika upya.